Viateur Sebahire, Mulegeza-Mbele

Wasikilizaji wapendwa, ni saa kumi na dakika mbili alasiri hapa Gisenyi. Leo hakuna muziki wa kufungulia. Fundi mitambo amenitazama kupitia kioo kuniuliza kama nimesahau. Nimemtikisia kichwa. Sijasahau.

Anayezungumza nanyi ni Karenzi, yule yule wa kila Jumamosi. Kwa nusu saa hii tutamkumbuka mtu mmoja. Jina lake ni Viateur Sebahire. Alikuwa fundi wa magari, hasa fundi wa miguu ya magari: springi, shokapu, na vyuma vile vya chini ambavyo wengi wetu hatujui hata majina yake. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na mmoja. Tulimzika Alhamisi.

Nawaambia mapema ili asiwepo wa kusema nimemzungusha. Hii ni kumbukumbu, lakini pia ni ungamo. Miaka sita iliyopita, kupitia kipaza sauti hiki hiki, nilimsingizia Viateur jambo nililolifanya mimi. Sikuteleza ulimi. Nilisema uongo nikijua ni uongo. Kama uko jikoni, kama uko dukani, tafadhali ongeza sauti kidogo.

Nianze na maisha yake, maana yeye ndiye mwenye siku.

Viateur alizaliwa Goma mwaka 1964. Wazazi wake walikuwa wamekimbia Rwanda, wakapanga nyumba karibu na mahali pa kuegesha malori. Huko ndiko alikojifunza kazi. Alianza kwa kutengeneza malori ya Butembo, yale yanayorudi na springi zimevunjika kama vijiti. Hakusoma shule ya ufundi. Alisoma kwa kulala chini ya gari mgongo ukiwa juu ya mawe ya volkano.

Mwaka 1995 alivuka mpaka wa Grande Barrière kuja Gisenyi na mkewe, Illuminée, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Uwase. Walikuwa na mkokoteni mmoja, na mkokoteni haukutosha. Ikabidi wachague kati ya godoro na sanduku la spana. Mama Uwase alinisimulia mwenyewe, na alicheka kidogo alipofika hapo. Alisema: "Matela ilibaki Goma. Ma-clé ndo zilivuka. Tulilala chini miezi mbili, lakini kazi alipata siku ya tatu."

Alifungua gereji pale Rugerero, kando ya barabara inayopanda kwenda Mahoko. Na sitaki kumfanya malaika, maana angenichukia zaidi kwa hilo. Viateur alikuwa mkali. Alikuwa na maneno machache na mengi ya hayo yalikuwa ya kukugombeza. Ukigusa kazi yake bila ruhusa, unaweza kufukuzwa wewe na gari lako. Hakufanya kazi Jumapili kabla ya misa ya kwanza, hata kama gari ni la bwana harusi na bwana harusi yuko ndani amevaa suti.

Alikuwa na desturi moja ambayo nataka muishike, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha hapa. Kila nati aliyomaliza kuifunga aliipaka mstari mmoja wa rangi nyekundu, kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma. Rangi yenyewe ilikuwa rangi ya kucha ya Mama Uwase. Inakauka haraka na haitoki kwa mafuta. Mtu akiigusa ile nati, mstari unakatika. Narudia: nati ikiguswa, mstari unakatika, na Viateur anajua. Mama Uwase aliwahi kumlalamikia kwamba magari ya Rugerero yanapendeza kuliko kucha zake.

Sasa niwaeleze alichokuwa anajua kuliko sisi wote.

Kuna ugonjwa wa magari ambao kila dereva ameuonja. Unaingia kona kwa kasi, unakata usukani, lakini pua ya gari haitaki kufuata. Tairi zimegeuka, gari linaendelea mbele. Unakata zaidi, nalo linazidi kwenda kule kule usikotaka. Madereva wetu wanasema gari "inakatala kona." Limekataa kona, kama mtoto aliyekataa kuitwa.

Hapa kwetu ugonjwa huo tunautafuta wenyewe. Magari mengi ya mji huu yanaingia Goma, na Goma barabara nyingi ni mawe ya volkano. Kwa hiyo mwenye gari akifika gereji, neno la kwanza ni: fundi, nikazie mbele. Tumekaza mbele miaka thelathini. Baba alikaza, mtoto anakaza. Mtu akiona pua ya gari ni ngumu, analala usingizi.

Viateur alisema tunajidanganya. Aliwahi kunieleza kwa mfano wa watu wawili waliobeba kreti, yaani tairi mbili za mbele. Ukikaza mbele, alisema, kwenye kona yule wa nje anabebeshwa kreti nzima na yule wa ndani ananing'inia tu. Aliyebebeshwa yote goti linamlegea, anateleza. Lakini ukilegeza mbele kidogo, wanabeba wote wawili, na tairi zote mbili zinakumbatia barabara. Halafu unakaza nyuma, ili mkia usaidie kuigeuza pua. Ndiyo dawa. Laini mbele, ngumu nyuma. Kila aliposema hivyo watu walicheka, wakampa jina la Mulegeza-Mbele. Walimtania nalo sokoni, nalo likamshika.

Miaka sita iliyopita akaja Muhire. Muhire alikuwa kijana wa mjini, mfanyabiashara, aliyekuwa amenunua gari dogo jekundu la mashindano. Kulikuwa na mbio za kupanda mlima zimepangwa, kutoka Rugerero hadi Mahoko, siku ya Jumapili. Gari la Muhire lilikuwa na nguvu za kutisha, na lilikataa kila kona. Akampelekea Viateur. Kisha akanijia mimi na kuniomba niwe kopiloti wake, yule anayekaa kushoto kwa dereva na kumsomea kona zinazokuja. Gari lilikuwa la usukani wa kulia, kama mengi yanayotoka Japani. Kusoma kona sikujua, lakini alijua kwamba Karenzi wa redio akiwa ndani ya gari, watu watajaa barabarani. Mimi napenda watu wakijaa. Mnajua.

Viateur alikaa na lile gari siku tisa. Chini ya pua ya gari kuna chuma kirefu kinachounganisha tairi ya kushoto na tairi ya kulia. Mafundi wetu wanakiita bare. Kwenye lile gari, kila ncha ya bare ilikuwa na matundu manne. Ukifunga kwenye tundu la nje kabisa, pua inakuwa laini. Ukisogea ndani, pua inakuwa ngumu. Viateur akafunga tundu la nje kabisa, pande zote mbili. Nyuma akaweka bare nene zaidi. Tairi za mbele akazilaza kidogo, juu zikielekea ndani, ili kwenye kona zikanyage kwa unyayo mzima. Akapunguza upepo kwenye tairi, akaongeza, akapunguza tena. Alipomaliza akapaka mistari yake myekundu.

Ijumaa tukalijaribu. Wasikilizaji wapendwa, sijawahi kuona kitu kama kile. Muhire aligusa usukani tu, na pua ikaingia ndani ya kona kama inaijua. Ile kona ya pili chini ya Mahoko, ambayo zamani gari lilikuwa linaikataa mpaka abiria wanasali, tuliimaliza bila breki. Mkia ulicheza kidogo nyuma. Kidogo tu. Muhire alikuwa anacheka kwa furaha.

Mimi nilikuwa naogopa. Naomba mlielewe hilo, kwa maana mengine yote yalitoka hapo. Nilikuwa nimezoea gari linaloenda moja kwa moja. Gari linalogeuka kweli lilinitia hofu. Tuliporudi gereji nilimwendea Viateur, nikamwomba akaze mbele kidogo tu, kwa ajili yangu. Alikuwa ananawa mikono. Akasema, "Kama unaogopa, mwambie Muhire apunguze mwendo. Usinikazie mbele. Ukikaza, itakatala." Nikasema sawa.

Jumapili asubuhi gari lilikuwa tayari Rugerero. Viateur alikuwa kwenye misa ya kwanza. Nilimwambia Muhire kwamba yule mzee ni hodari lakini ni wa zamani, na kwamba usalama kwanza. Nilitumia sauti hii hii mnayoisikia, na mnajua inavyoweza kumshawishi mtu. Muhire alisita. Nikamwambia itachukua dakika kumi. Tuliinua gari kwa jeki. Muhire alishika tochi, mimi nilishika spana. Nilisogeza matundu mawili upande wa kushoto, matundu mawili upande wa kulia, kuelekea ndani. Nilipolegeza nati ya kwanza, niliuona mstari mwekundu ukikatika. Niliujua maana yake. Nikapaka tope juu.

Narudia, ili ieleweke. Viateur alilegeza mbele, na alikuwa sahihi. Aliyekaza mbele ni mimi, Karenzi, wakati mwenye kazi akiwa kanisani.

Mbio zilianza saa nne. Ilipofika zamu yetu, tulipanda vizuri mpaka kwenye kona ya pili chini ya Mahoko. Ni kona ya kulia. Muhire alikata usukani pale pale alipokata Ijumaa, kwa mwendo ule ule wa Ijumaa, kwa sababu aliliamini gari la Ijumaa. Gari likakataa. Akakata zaidi. Likaenda mbele, likavuka mtaro wa maji upande wa kushoto, likaingia mahali ambapo akina mama walikuwa wamekaa na mabeseni ya sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Hakufa mtu. Lakini mama mmoja, Claudette, muuza sambaza kutoka Nyamyumba, alivunjika mguu wa kushoto mahali patatu. Alikuwa na miaka ishirini na nane. Goti la mguu ule halijakunjika tena hadi leo.

Viateur alitoka Rugerero kwa pikipiki. Alikwenda kwanza kwa Claudette, akavua koti lake na kumfunika. Kisha akaja kwenye gari, akalala chini, akatazama. Alikaa chini pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mtaro na mchubuko wa paji la uso, nikitazama viatu vyake vikichomoza chini ya gari. Alipotoka alijifuta tope mikononi. Gari lilikokotwa hadi gerejini kwake.

Jumatatu yake nilikuja hapa studio na plasta usoni. Mji mzima ulikuwa unangoja. Na mimi nikasema hivi, nanukuu maneno yangu mwenyewe: "Fundi alilegeza mbele. Gari lililolegezwa mbele haliwezi kushika kona." Nikalisema mara ya pili. Nikalisema mara ya tatu, kwa maana tunafundishwa kwamba kwenye redio jambo kubwa lazima lirudiwe. Nililirudia vizuri sana. Muhire alikuwa amelazwa kwa mbavu zilizovunjika, na alipotoka akanyamaza, kwa sababu na yeye alishika tochi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na tena mimi sikujikwaa. Nilitembea kwa miguu yangu.

Siku nane baadaye, Viateur alikuja kwenye geti la redio hii. Mlinzi akaniita. Nilishuka nikiwa nimejiandaa kwa matusi, na hata majibu nilikuwa nayo. Alikuwa amesimama na kofia mkononi. Hakunisalimia. Aliuliza swali moja tu.

"Karenzi, mulisogeza tundu ngapi?"

Nikamjibu, "Papa Uwase, hatukugusa kitu."

Akanitazama. Akasema, "Bon." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Jibu lilikuwa matundu mawili. Lilikuwa ni neno moja tu. Alikuja kwa miguu kutoka Rugerero kulichukua, na mimi sikumpa.

Baada ya hapo mnajua, kwa sababu wengine wenu ndio mliofanya, na siwalaumu. Mliamini redio. Magari yakaacha kuingia gereji ya Rugerero. Lile jina la Mulegeza-Mbele, lililokuwa utani, likawa tusi. Madereva waliokuwa wanamwamini wakasema, kumbe mzee alikuwa anatuua. Ndani ya mwaka mmoja gereji ilifungwa. Viateur akahamishia sanduku lake kwenye kibanda cha mabati karibu na Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka, akawa anatengeneza zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo ndugu zetu wenye ulemavu wanabebea mizigo kuvuka mpaka.

Na hata kule, maradhi yalikuwa yale yale. Zile baiskeli zinapakiwa mzigo mkubwa nyuma, unga, mafuta, vitunguu kutoka Busasamana, mpaka gurudumu la mbele linaelea. Ukikata usukani, haziendi. Zimekataa kona. Viateur akashusha kitanda cha mzigo, akakisogeza mbele, gurudumu likapata uzito wa kukanyagia. Leo ukisimama pale mpakani asubuhi, utaziona zinakata kona huku zimebeba magunia sita. Hizo ni za Viateur. Zina mistari myekundu kwenye nati.

Moja kati ya hizo alimtengenezea Claudette. Alimpa bure.

Hapa, wasikilizaji, nina aibu ya pili, na sijui kama si kubwa kuliko ile ya kwanza. Niliposikia habari hiyo, nilikwenda na kinasa sauti. Ilikuwa habari tamu. Nilitangaza kwenye kipindi hiki kwamba fundi aliyesababisha ajali ya Mahoko ametubu, na kwamba huo ni mfano kwa sisi sote. Nilimwekea Viateur kipaza mdomoni nikamuuliza kama ana neno kwa wasikilizaji. Alikisogeza kando kipaza. Kisha akamgeukia Claudette, akasema: "Usipakie nyuma sana." Nikacheka redioni. Nikasema mafundi bwana, wanapenda kazi yao. Jioni ile watu wengi walinitumia ujumbe wa kunipongeza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka sita, na njia nzima nilikuwa nasalimiwa.

Kisha Viateur akafa. Presha ilimpanda akiwa kazini, akaanguka, hakuamka tena. Nilikwenda kuzika kama wanavyokwenda watu wote, na suti nyeusi, nikakaa safu ya mbele kwa sababu waliniita mbele. Baada ya mazishi Mama Uwase alinijia. Alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya kitambaa cha kitenge. Kilikuwa kizito. Akasema kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie: "Hii ni yako. Aliitunza miaka sita chini ya meza yake."

Nilifungua ndani ya gari. Ilikuwa ncha ya bare ya lile gari jekundu, imekatwa kwa msumeno, nati ikiwa bado imefungwa kwenye tundu la tatu kutoka nje. Kwenye tundu la nje kabisa, pale nati ilipokuwa mwanzo, kulikuwa na nusu ya mstari mwekundu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye nati. Alikuwa na ushahidi mkononi miaka yote hiyo. Angeweza kuuweka mezani kwa meneja wangu siku yoyote.

Mngefikiri nilikuja kusema wiki hiyo hiyo. Hapana. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti hiki nikawatangazia matokeo ya mpira. Kile chuma kilikuwa ndani ya begi, kati ya miguu yangu. Nilifunga kipindi kwa utani.

Jumatatu ndipo nilipokwenda kwao. Uwase, binti yao, ndiye aliyenifungulia. Ana miaka thelathini, na kile kibanda cha mpakani sasa ni chake, na kazi anaijua. Nilianza kumwambia ninavyojuta. Akanikata. Alisema: "Mi sitaki hayo maneno hapa kwetu. Yapeleke kule ulitoa yale ya kwanza." Hakupandisha sauti. Alinionyesha kiti, kisha akarudi ndani.

Mama Uwase alikaa nami. Nilimuuliza kwa nini Viateur hakunitaja, hata kwa rafiki mmoja. Nilitarajia aseme kwamba alinisamehe. Ndiyo, nilitarajia hivyo. Alisema hivi, na nimemwomba ruhusa niyaseme maneno yake yote:

"Alisema, yule mutu anajua. Akisemewa, atakatala, batu watagawanyika, itakuwa kelele. Acha aseme mwenyewe. Kila Jumamosi saa kumi alikuwa anawasha redio. Alikuwa anaacha kazi, anakaa. Mi nilikuwa najua anapenda mupira. Siku moja nikamuuliza timu yake ni gani. Akasema hana timu. Donc nikamuuliza, sasa unasikiliza nini? Akasema, namungoja Karenzi."

Miaka sita, wasikilizaji. Kila wiki nilipokuwa naingia hapa na kusema karibuni, kulikuwa na mtu mmoja karibu na Petite Barrière aliyekuwa amekaa kitako ananisubiri niseme neno moja. Na mimi nikampa muziki. Nikampa mashairi ya matangazo. Jumamosi ya mwisho ya uhai wake nilimpa dakika ishirini kuhusu kocha aliyefukuzwa.

Jumatano nilikwenda Nyamyumba kwa Claudette. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Alikuwa anaanika sambaza. Aliendelea kuanika. Nilipomaliza aliitazama ile baiskeli aliyopewa, akasema: "Nilizani ile velo ilikuwa deni ya zambi yake. Niliipanda miaka mine nikimuhurumia, nikisema maskini muzee, anajikaza. Kumbe alikuwa ananipa tu." Kisha akaniambia hana neno kwangu. Akasema, "Mi nitaongea na we siku nitasikia umesema." Claudette, kama umewasha redio, nimesema. Sikudai unijibu.

Muhire anaishi Kampala sasa. Nilimpigia simu. Akasema nimtaje na yeye, na kwamba alishika tochi. Nimemtaja. Lakini wazo lilikuwa langu, na spana ilikuwa mkononi mwangu.

Nimemwandikia meneja wa redio hii. Baada ya kipindi ataamua. Hilo ni lake.

Sasa kwa wale waliofungua redio hivi punde, narudia mambo makuu. Tunamkumbuka Viateur Sebahire, fundi. Gari lililomvunja mguu Claudette miaka sita iliyopita halikuharibiwa na Viateur. Viateur alilitengeneza likatii kona. Karenzi alilikaza mbele kwa siri, likakataa kona. Kisha Karenzi akasema redioni kwamba kosa ni la Viateur. Viateur hakuwa na kosa. Hakuwa na kosa. Viateur Sebahire hakuwa na kosa. Hiyo ni mara tatu, kama nilivyosema uongo mara tatu.

Kwa Mama Uwase, kwa Uwase, kwa wote wa ukoo wa Sebahire hapa wilayani Rubavu na kule Goma, nawapa pole. Mwihangane. Najua pole kutoka kwangu inaweza kuwa nzito kuipokea. Iacheni mlangoni kama hamuitaki ndani.

Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, siwahubirii. Sina mdomo wa kuhubiri. Naomba tu kila mmoja usiku wa leo ajiulize kama kuna mtu anayemngoja. Huenda hakupigii simu. Huenda hakusemi popote. Anakaa tu mahali, ametulia, anakungoja useme. Nenda angali hai. Mimi nimechelewa kwa siku kumi na mbili.

Jambo la mwisho. Kesho Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ni kukura ikiriyo, tunafunga matanga ya Viateur nyumbani kwake Rugerero. Mnajua desturi ya mji huu: penye ikiriyo, penye harusi, penye ubatizo, Karenzi ndiye anayeshika kipaza. Nilimwomba Mama Uwase anipe nafasi hiyo kesho, nimsifu mumewe mbele ya watu wote. Alikataa. Alisema atakayesema ni Uwase, na Claudette akitaka. Nikamuuliza, basi mimi nifanye nini? Akafikiri, akasema: "Viti zitatoka parokia. Ukuye mapema, uzibebe."

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa parokiani. Nyinyi njooni baadaye, mkae.